Mvinyo wa Ndizi na Mashabiki wa Concorde

Anayefuatilia mpira wa miguu katika ukanda wetu anaweza kudhani kwamba bia na soka vilizaliwa siku moja. Nairobi kuna Tusker FC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1969 na kampuni ya bia na ambayo mpaka leo inabeba jina la bia. Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi kwa mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ligi kuu iliitwa kwa jina la Primus kwa misimu kadhaa. Tanzania, Simba na Yanga, watani wasiopatana juu ya jambo lolote, waliwahi kuvaa jezi zenye tangazo lilelile la bia ya Kilimanjaro. Na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, inayojaza viti vya nganda, baa za mitaa ya Kadutu na Ibanda hapa Bukavu, katikati ya wiki, imekuwa na jina la Heineken pembezoni mwa uwanja tangu mwaka 2005. Dai langu katika sura hii ni kwamba ndoa hiyo ilifungwa na pesa, si na ladha ya mashabiki. Bukavu ina kinywaji chenye haki kubwa zaidi ya kukaa kando ya mpira: kasiksi, mvinyo wa ndizi unaoshuka kila siku kutoka vilima vya Kabare na Walungu. Na kitakachoufikisha mvinyo huo kwa shabiki hakitakuwa mkataba wa mfadhili. Itakuwa video iliyowekwa mtandaoni na mashabiki wenyewe.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndiyo iliyoifungulia bia lango la uwanja. John Houlding alikuwa mtengenezaji wa bia mjini Liverpool, na kwa msaada wake Everton ilikuwa ikicheza Anfield. Walipogombana juu ya kodi ya uwanja, Everton ikahama, naye mwaka 1892 akaunda klabu mpya ya kuchezea uwanja uliobaki mtupu. Klabu hiyo ni Liverpool. Miaka kumi baadaye, mwaka 1902, Newton Heath ilikuwa imezama katika madeni. Aliyeiokoa alikuwa John Henry Davies, tajiri mwingine wa bia, na klabu ikabadilishwa jina kuwa Manchester United. Mabwana hawa hawakuwauliza mashabiki wanapenda kunywa nini. Walikuwa na mtaji, walikuwa na mahali pa kuuzia, na walijua kwamba maelfu ya wafanyakazi wanaokutana Jumamosi mchana watakuwa na kiu. Mfano huo ulisafiri na mpira wenyewe mpaka makoloni. Lakini mahali ambapo zao la jirani lilikuwa tofauti, mambo yalikwenda tofauti. Mendoza, chini ya milima ya Andes, ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mvinyo wa Argentina. Klabu ya Godoy Cruz ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1921, ina jina la Antonio Tomba ndani ya jina lake kamili, na Tomba alikuwa Mwitalia mwenye kiwanda cha mvinyo. Klabu inajulikana kwa jina la utani la Bodeguero, mtu wa kiwanda cha mvinyo, na wafuasi wake hawaoni kwamba jina hilo linawapunguzia ushabiki. Basi anayesema mvinyo hauelewani na mpira anasema kitu ambacho Mendoza imekwisha kukikanusha kwa zaidi ya miaka tisini. Kinachokaa jukwaani na shabiki ni kile kilichopata mtu wa kukipeleka huko.

Tutazame basi kilichoizunguka Bukavu. Mji umekaa juu ya rasi zilizoingia kusini mwa Ziwa Kivu, na nyuma yake vilima vya Bushi vimefunikwa na migomba. Nyingi ya ndizi hizo hazilimwi ziende chunguni. Zinalimwa zikamuliwe. Zikikomaa huvundikwa shimoni chini ya majani ya mgomba mpaka ziive, kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi ngumu ndani ya mtumbwi wa mbao. Nyasi hushika nyama ya tunda na kuachilia maji matamu, ambayo ndiyo mutobe, kinywaji ambacho hata mtoto hupewa. Mutobe ukichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunikwa na kuwekwa mahali penye joto, baada ya siku moja au mbili huwa kasiksi. Wapo wanaouita bia kwa sababu ya ule mtama, nami sina ugomvi nao. Mimi nauita mvinyo kwa sababu msingi wake ni tunda lililochachuka, na kwa sababu unastahili uangalifu ambao dunia huupa mvinyo: umetoka kilima gani, umetokana na ndizi za aina gani, mkono gani umeukanda, umelala muda gani. Ni kinywaji cha harusi, cha matanga, cha kupatanisha majirani waliokosana. Hata katika makubaliano ya ardhi ya kimila, yale ya kalinzi, wazee walioketi kushuhudia hawakuketi na koo kavu.

Ni kinywaji cha pesa pia, na hapa jambo linakuwa zito. Mgomba huzaa mwaka mzima, kwa hiyo familia isiyo na mshahara hupata kitu cha kuuza katikati ya misimu ya maharagwe na mihogo. Akina mama wanaoshuka Bukavu alfajiri na bidoni mgongoni, kamba ikiwa imekaza paji la uso, hubeba ada ya shule ya watoto wao. Riziki hiyo imekwisha kupigwa mara moja na mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ugonjwa ulioripotiwa Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na ukashuka kuelekea kusini. Wadudu huuchukua kutoka ua la mgomba mmoja hadi mwingine, na panga la mkulima asiyejua huumalizia kazi. Kinga yake ni rahisi kuieleza: kata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, safisha chombo chako kabla ya kugusa shina jingine, ondoa shina lililougua. Nalitaja hili mapema kwa sababu video inayomfundisha shabiki kuonja kasiksi inaweza, ndani ya dakika zilezile, kumwonyesha mkulima kile kijiti chenye panda. Shabiki wa Kadutu ana shangazi Walungu na mjomba Kabare, na anachokiona kwenye simu hufika kwao.

Kwa nini basi kasiksi, pamoja na ukaribu huo wote, haikuwahi kuwa kinywaji cha siku ya mechi? Jibu la kwanza ni kwamba haina mwenye nayo. Bralima, kampuni ya bia iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923 na ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mali ya Heineken, ilikuwa na kiwanda Bukavu, malori, viti vya plastiki vyenye nembo, miavuli, kuta zilizopakwa rangi, na uwezo wa kuwalipa wanamuziki wakubwa wa Kinshasa watamke jina la bia ndani ya nyimbo. Wakamuaji wa kasiksi ni maelfu, kila mmoja na bidoni zake mbili, na hakuna hata mmoja anayeweza kununulia timu ya mtaa jozi moja ya jezi. Jibu la pili ni aibu. Kijana wa mjini amefundishwa na kuta zile kwamba chupa ni maendeleo na bidoni ni ushamba. Atakunywa kasiksi kwenye matanga ya babu yake, lakini siku ya mechi ya watani wa mji, OC Muungano na Bukavu Dawa, mbele ya wenzake, ataagiza chupa hata kama italazimu wachange watu watatu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake pale ambapo mnunuzi anamjua mtengenezaji na shamba lake analiona. Katika mji uliofurika wakimbizi wa vita kutoka kila kona ya mkoa, ambako bidoni hupita mikono mitatu kabla ya kufika mezani, chema hakijiuzi tena. Kinahitaji mtu wa kukisemea.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mtu wa namna hiyo unatoka mbali na Kivu. Gary Vaynerchuk alizaliwa Belarus mwaka 1975, wazazi wake wakahamia Marekani akiwa mtoto mdogo, na baba yake akawa na duka la pombe Springfield, katika jimbo la New Jersey. Februari 2006, wakati YouTube ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na Google haijainunua bado, alianza kurekodi vipindi vifupi akiwa ameketi mezani na chupa kadhaa, anaonja, anatema, anatoa maoni. Ndoo aliyotemea ilikuwa na nembo ya New York Jets, timu ya mpira wa Kimarekani anayoishabikia kwa moyo wote, na habari za timu hiyo zilipenya katika mazungumzo yake kuhusu zabibu. Kabla yake, waliozungumza juu ya mvinyo katika nchi ile walitumia lugha ya watu wachache waliosoma, yenye majina ya matunda ambayo mnunuzi wa kawaida hajawahi kuyaona. Yeye alilinganisha ladha na peremende za utotoni, alipaza sauti kama mtu aliye jukwaani, na aliposikia harufu mbaya alisema ni mbaya hata kama chupa hiyo iliuzwa dukani kwa baba yake. Alifikisha vipindi elfu moja mwaka 2011, ndipo akasimamisha. Watu ambao hawangethubutu kuingia katika chumba cha waonjaji waliingia katika chumba chake, kwa kuwa aliyekuwa akiwaongoza alikuwa shabiki mwenzao.

Ni muhimu kulisoma tukio hilo bila kulitukuza. Duka lile lilikuwa na tovuti yake ya kuuzia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa na maghala na magari ya kupeleka mizigo, na mauzo yake yalikuwa yamekua sana kabla kamera haijawashwa. Video haikuzaa biashara kutoka hewani. Ilichofanya ni kuondoa hofu. Ilimpa mnunuzi maneno yake mwenyewe ya kusemea kinywaji, na ikampa mtu wa kumwamini ambaye hakuwa amefichwa nyuma ya nembo. Funzo la pili linahusu gharama. Tangazo la televisheni hulipiwa kila linaporushwa, na likisha kurushwa limekwisha. Video iliyohifadhiwa mtandaoni hulipiwa mara moja, kwa jasho la aliyeirekodi, kisha hukaa hapo ikingoja mtazamaji wa kesho na wa mwaka ujao. Kwa Heineken tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mama wa Kabare mwenye bidoni mbili ni tofauti ya kuwepo na kutokuwepo.

Nani atakuwa msemaji huyo Bukavu? Tuna ushahidi wa karibu kwamba mchezaji au shabiki wa Kongo, bila kampuni nyuma yake, anaweza kuitazamisha dunia. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wamefunika midomo kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mkono wa pili vikielekezwa kichwani kama bastola, kuwakumbusha watu mauaji ya mashariki ya Kongo ambayo dunia inayanyamazia. Picha hiyo ilikwenda mbali kuliko hotuba nyingi. Kisha, katika mashindano ya Morocco mwishoni mwa mwaka 2025, shabiki Michel Kuka Mboladinga alisimama jukwaani dakika zote za mchezo bila kutikisika, mkono mmoja umeinuliwa, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Hakuimba, hakupiga ngoma. Video zake zilisambaa bara zima, na vijana ambao historia ya kuuawa kwake mwaka 1961 hawakuwahi kuijali wakauliza Lumumba alikuwa nani. Shabiki mmoja, kwa kusimama tu, alilirudisha jina hilo midomoni mwa watu. Kama jukwaa linaweza kuibeba historia namna hiyo, sioni kwa nini lisiweze kulibeba jasho la mkulima wa ndizi.

Naizungumzia video ya namna fulani, si video yoyote. Kamera ikimwelekea kijana anayebugia bidoni nusu huku wenzake wakishangilia, hiyo ni tangazo la ulevi na haina nafasi katika hoja hii. Video ninayoitetea inaanza shambani. Inamwonyesha mkamuaji kwa jina na kilima chake, inaonyesha shimo, nyasi, mtumbwi, mtama. Kisha inahamia mjini, saa kadhaa kabla ya mechi katika uwanja wa Concorde kule Kadutu, ambapo shabiki wa Muungano na shabiki wa Dawa wanaketi meza moja na bilauri tatu kutoka vilima vitatu. Wanaonja kidogo, wanabishana. Upi una uchachu wa kupendeza, upi umelala mno, upi umeongezwa maji. Wanabishana vilevile juu ya kiungo aliyekosa pasi Jumapili iliyopita. Utani wa klabu hizi mbili ndio lugha ambayo Bukavu yote inaielewa, na mvinyo ukisemwa kwa lugha hiyo hauhitaji mkalimani. Mwisho wa video kuna namba ya kuagizia na bei ya bidoni, malipo kwa M-Pesa au Airtel Money, njia ambazo ziliubeba mji wakati benki zilipofunga milango mwaka 2025.

Mtu atauliza: video gani, katika mji wenye umeme wa kubahatisha na mega za intaneti za kununua kwa kuhesabu? Swali ni la haki. Bukavu ina mabwawa mawili jirani juu ya Ruzizi, moja la mwaka 1958 na jingine la 1989, na bado mitaa mingi hulala gizani. Lakini kosa ni kudhani kwamba video inatazamwa Bukavu kama inavyotazamwa New Jersey. Huku mtu mmoja mwenye mega huipakua, kisha kumi wengine huipata kwa WhatsApp ikiwa imepunguzwa uzito, au kwa Xender bila kutumia intaneti hata chembe, simu kwa simu, pale pale kijiweni. YouTube kwa hapa kazi yake ni ghala, mahali ambapo nakala kamili inabaki salama hata simu ikiibiwa au ikianguka ziwani. Usambazaji wenyewe hufanywa na miguu ya watu. Kwa hiyo video iwe ya dakika tatu au nne, sauti iwe wazi, na irekodiwe kwa Kiswahili cha Bukavu, na nyingine kwa Mashi kwa ajili ya wakulima wenyewe. Tena umbali mfupi unaisaidia kasiksi. Kinywaji hiki hakidumu. Baada ya siku chache huwa siki. Hakiwezi kuuzwa Kinshasa, sembuse ng'ambo. Hakihitaji mtazamaji wa dunia nzima. Kinahitaji watazamaji elfu chache wanaoishi mwendo wa saa moja kutoka kwenye mtumbwi wa mbao.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili liwe la sasa. Wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, kiwanda cha Bralima kiliporwa, na picha za watu wakibeba kreti za bia zilizunguka kwenye simu zetu zote. Juni mwaka huohuo Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake katika maeneo hayo ya mashariki na imeondoa wafanyakazi wake. Sifurahii hilo, ni mishahara iliyopotea katika mji ambao mishahara ni adimu. Uhusiano wa kiwanda hicho na mji ulikuwa pia na makovu ya zamani: wafanyakazi 168 walioachishwa kazi wakati wa vita ya 1998 hadi 2003 walipeleka malalamiko yao Uholanzi mwaka 2015, na makubaliano yakapatikana 2017. Lakini pengo lililoachwa na bia halibaki tupu. Linajazwa na pombe kali za bei ndogo katika vichupa vya plastiki, na kanyanga inayochemshwa vichochoroni. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za viroba tarehe 1 Machi 2017 kwa sababu ziliwaua vijana polepole kwa bei ya andazi. Bukavu haina leo serikali yenye mkono wa kufanya hivyo. Ina uwezo, hata hivyo, wa kumpa shabiki kitu kingine mkononi, kilicho hafifu zaidi na kinachomnufaisha mkulima.

Pingamizi zito kuliko yote ninalisikia hapa. Mji wenye hospitali ya Panzi, ambayo tangu mwaka 1999 imewashona maelfu ya wanawake waliobakwa na ambayo daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, hauna sababu ya kuongeza pombe karibu na umati wa wanaume wenye hasira za mpira. Nakubali kila neno la hofu hiyo. Pombe huongeza ukatili nyumbani, na anayekana hilo hajawahi kuwasikiliza wanawake. Ndiyo maana sisemi kasiksi iuzwe ndani ya uwanja. Uingereza ilikataza kwa sheria ya mwaka 1985 kunywa pombe mahali panapoonekana kiwanja wakati wa mchezo, na ilikuwa sawa. Qatar iliondoa bia kando ya viwanja siku mbili kabla ya Kombe la Dunia la 2022, na michezo ikachezwa. Concorde ibaki kavu. Ninachotaka kubadilisha ni kile ambacho tayari kinanywewa kabla na baada ya mechi.

Na kwa namna ya kukisemea, Ufaransa imetuachia kipimo kizuri. Sheria ya Évin ya tarehe 10 Januari 1991 ilikataza pombe kufadhili michezo, kiasi kwamba kombe la raga lililoitwa kwa jina la Heineken kwingineko lilibidi liitwe H Cup huko. Lakini sheria hiyohiyo, katika nchi yenye wakulima wengi wa zabibu, iliruhusu kueleza mambo fulani: nguvu ya kinywaji, asili yake, vilivyomo ndani, jina la mtengenezaji, namna kinavyotengenezwa na namna kinavyouzwa. Kilichokatazwa ni kukihusisha na ushindi, mapenzi, uanaume na ujana. Napendekeza mashabiki wa Bukavu waichukue mipaka hiyo kwa hiari, ingawa hakuna askari atakayewalazimisha. Asionekane mtoto. Yasiwepo mashindano ya kunywa. Asiambiwe mtu kwamba bilauri itaipa timu yake bao. Anayeonja ateme kama Vaynerchuk alivyotema, watazamaji waone kwamba mtu anaweza kukijua kinywaji bila kukimaliza. Na mutobe usio na kileo uwekwe kwenye meza hiyohiyo kwa ajili ya Waprotestanti na Waislamu, ambao Muungano na Dawa ni zao pia, na kwa ajili ya dereva wa pikipiki atakayewarudisha wengine nyumbani.

Linabaki suala la usalama. Kasiksi hukandwa kwa mikono na huchanganywa na maji, na katika mji unaokumbwa na kipindupindu mara kwa mara, maji ni jambo la uhai. Wanaopinga husema kinywaji kisicho na kiwanda hakina wa kukithibitisha. Arusha imeonyesha kwamba mvinyo wa ndizi unaweza kusindikwa na kutiwa chupani kwa viwango, kama inavyofanya Banana Investments tangu miaka ya 1990, na ningependa siku moja kuona chupa kama hiyo yenye jina la Bukavu. Lakini mpaka mtaji huo upatikane, kamera yenyewe ni mkaguzi wa aina fulani. Mkamuaji aliyekubali kurekodiwa anajua kwamba maji yake yataonekana yakichemshwa au yakikosa kuchemshwa, na kwamba jina lake litakuwa chini ya video. Aliyejificha katika bidoni isiyo na jina hana aibu ya kupoteza. Si kinga kamili, na haitoshi peke yake, ila ni zaidi ya kile ambacho mnywaji wa kasiksi wa leo anacho.

Wengine watasema vita hairuhusu mazungumzo ya ladha. Mimi naona kinyume. Vita imewachukulia watu wa vilima barabara zao, mifugo yao, na mara nyingi usiku wao wa usingizi. Kila kizuizi kati ya Walungu na Bukavu kinakata kitu kutoka kwenye bidoni. Kusema kwamba mpaka amani ije kinywaji chao kisitajwe ni kuwaongezea hasara. Kamati za mashabiki wa Muungano na Dawa zina simu, zina sauti, na zina wafuasi wanaoziamini kuliko wanavyomwamini mwanasiasa yeyote. Zianze na video moja ya dakika tatu, kabla ya mechi ijayo ya watani hawa wawili: mkulima mmoja, kilima kimoja, maji yaliyochemshwa, bei ya bidoni, na jina la aliyeikamua kasiksi likiandikwa kikamilifu ili lisomeke.